Mmepita Wapi Kwanza? Kumuaga Mama Kahindo wa Mlangoni

Mama Kahindo Véronique aliingia kazini katika Kituo cha Afya Faraja Yetu, hapa mtaa wa Lumumba, Bunia, mwaka wa 1971, akiwa msichana mwenye kitambaa kipya cha kichwa na viatu vya kuazima. Anatoka Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2003, akiwa na miaka thelathini na miwili ya kazi na viatu vyake mwenyewe. Kamati ya sherehe imeniomba niandike ukurasa huu, na imenisihi niuandike kwa furaha. Nitajaribu. Mnaonijua, mimi Hubert wa labo, mpima damu, mnajua kwamba furaha haikuwa fani yangu hata wakati wa amani.

Kwa wale waliojiunga nasi juzi, nieleze kazi yake. Alikaa kwenye kiti cha mbao pale mlangoni, akapima homa, akaangalia nani ana haraka na nani anaweza kungoja. Lakini kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, alimuuliza swali lake, lile lile kila siku ya Mungu: "Mulipita wapi mbele ya kuja huku?"

Mgeni angelishangaa. Mtu wa Bunia hashangai hata kidogo. Mafua, kikohozi, tumbo la kuhara, homa iliyoanza jana, jino, sikio: nani kati yetu anayatoa nyumbani na kuyapeleka kituoni moja kwa moja? Kwanza ni farmasi ya kona, vidonge viwili vitatu kwenye karatasi. Visipofanya kitu, chumba cha maombi. Maombi yakichelewa, mama wa majani wa mtaa wa pili. Halafu, mtoto akiwa amelegea na macho yameingia ndani, ndipo wanakumbuka kwamba kuna kituo chenye wauguzi. Mama Kahindo alikuwa akituchekesha wakati wa chai kwamba sisi ni wa nne: "Siye njo ba-katriemu. Hata kwa mbio za masomo tungekuwa tunalia."

Mimi nilikuwa nakasirika. Yeye hakukasirika, na alitueleza kwa nini. Farmasi wanafungua jua halijatoka na hawamngojeshi mtu. Kwenye maombi wanakuwekea mkono kichwani na kukuuliza habari za watoto. Mama wa majani anamjua hata bibi yako alivyoitwa. "Siye tunawakalisha kwa benchi tangu asubui," alisema, "na tukiwaita, tunawaita numero." Kwa hiyo mgonjwa akisema alipitia kwa mama wa majani, Mama Kahindo alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za sokoni. Kila muuguzi mpya alifundishwa jambo hilo siku ya kwanza: ukimfokea mmoja, benchi lote limesikia, na kuanzia hapo utadanganywa mpaka jioni. Na ukidanganywa, unatoa dawa juu ya dawa. Mwili wa mtoto hauna nafasi ya dawa mbili za aina moja, na kwinini, dawa ya malaria, hasa haina mchezo.

Basi watu walimwambia ukweli. Mnakumbuka Papa Hippolyte, fundi wa nguo, na lile sikio lake? Alikuja ameliziba kwa pamba, anaona haya. Mama Kahindo akamuuliza swali lake, na mzee akaanza kuhesabu: mafuta ya maombi yameingia, maji ya kitunguu saumu ya mama wa majani yameingia, na matone kutoka farmasi, ambayo tulipoyasoma vizuri yalikuwa ya macho. Mama Kahindo alicheka mpaka akashika ukuta. "Papa," akamwambia, "hii sikio imekunywa kuliko weye." Mzee mwenyewe alicheka, akapona, na mwezi uliofuata akamshonea koti jeupe bila kuombwa. Koti hilo ndilo analolivaa mpaka leo, mikono imekwisha kuwa ya manjano.

Nitaje na kazi nyingine, isije ikasemwa kwamba nimesahau. Alipoanza, serikali ilikuwa karibu kukataza majina ya ubatizo, kwa hiyo Véronique akawekwa kabatini na Kahindo akabaki kazini. Jina lile lilirudi baadaye, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuzoea. Alichanja watoto dhidi ya surua katika mitaa yote ya Bunia na vijiji vingi vya Djugu, mara nyingi kwa miguu. Kipindupindu kilipokuja alilala kituoni, kwenye mkeka, mpaka kilipoisha. Zaidi ya nusu ya wauguzi waliopo leo walijifunza kwake kushika mkono wa mtoto kabla ya kushika sindano. Watoto aliowapokea mlangoni wamekwisha kumletea watoto wao.

Ningependa wasifu uishie hapo. Tungekula, tungempa zawadi, tungeimba na kwenda nyumbani.

Vita vilianza kutufikia mwaka wa 1999, kwa miguu ya watu waliokimbia kutoka Djugu. Walikuja na mafurushi kichwani, mbuzi mmoja, watoto wenye kikohozi cha baridi ya kulala nje. Mama Kahindo aliwauliza swali lake, na wengi walijibu kwamba hawakupita popote, kwa sababu kule walikotoka hapakubaki farmasi wala maombi wala mama wa majani. Bado tulidhani ni jambo la vijijini. Mwaka wa 2002 mji wenyewe ulikatika. Mtaa huu ukawa wa hawa, mtaa ule wa wale. Makabila sitayataja. Ukurasa huu utabandikwa ukutani, na sijui nani atakayepita kuusoma. Mama Kahindo ni mzaliwa wa Butembo, si wa upande huu wala ule. Jambo hilo lilimsaidia kwa muda, kisha likaacha kumsaidia.

Sasa fikirini swali lake katika mji wa namna hiyo. Kila farmasi ina mwenyewe, na kila mwenyewe anajulikana ni wa wapi. Ukitaja farmasi uliyonunua vidonge, umetaja unalala kwa akina nani na unaamini akina nani. Na kwenye benchi letu walikaa watu wa pande zote, kwa sababu homa haichagui. Hatukuliona hilo mapema. Tulidhani mlango wa kituo bado ni mlango wa kituo.

Papa Fiacre alikuwa muuza makala, mkaa wa kupikia, mtu wa miaka mingi hapa mtaani. Masikio yake yalikuwa mazito, na kama wote wenye masikio mazito, aliongea kwa nguvu. Alikuja na kikohozi. Mama Kahindo akamuuliza amepita wapi. Papa Fiacre akajibu kwa sauti iliyofika barabarani: amepita kwa shemeji yake mwenye farmasi ng'ambo ya pili, shemeji amempa dawa ya maji, tena shemeji anamsalimia sana Mama Kahindo. Vijana wawili waliokuwa mwisho wa benchi wakasimama, wakatoka kabla zamu yao haijafika. Hakuna aliyewajali, maana watu huchoka kungoja. Papa Fiacre alipewa dawa zetu, akashukuru, akaenda. Hakufika nyumbani. Walimkuta mtaroni kesho yake, dawa zetu zingali mfukoni mwake.

Mama Kahindo alipata habari akiwa anapanga vipimajoto. Alisema tu: "Ni miye nilimuuliza." Tulimwambia kila kitu ambacho watu huambiana wakati kama huo, kwamba wauaji ni wauaji, kwamba yeye alifanya kazi yake. Mathieu, mkuu wetu wa kituo, alimshika bega akamwambia aliache swali, tutibu kile tunachokiona. Akaliacha. Kuanzia siku hiyo watu walifika mlangoni, wakapimwa homa, wakapita. Benchi lilikuwa kimya, na nasema kweli, sote tulipumua kidogo. Tulijiona tumewalinda.

Mwanzoni mwa mwaka huu Arlette, yule anayeuza mandazi karibu na kanisa, alimleta bintiye Glodie. Glodie ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa na homa kali, amefungwa nguo mbili na blanketi kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Mama Kahindo alimpima na kumpitisha mbele ya wote. Damu niliitazama mimi kwa darubini, ikaonyesha malaria, nyingi. Mathieu akaandika kwinini. Muuguzi akaitia kwenye chupa ya seromu, akaitundika. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na kabla ya saa sita mchana moyo wa Glodie ulisimama.

Tulipomvua nguo ili mama yake amwoshe, tuliona pajani alama ya sindano, mbichi, na kipande kidogo cha pamba kimeganda hapo. Alikuwa amekwisha kuchomwa kwinini alfajiri ile ile, kwenye farmasi. Farmasi ya upande ule. Arlette hakupiga kelele. Alimtazama Mama Kahindo, akasema polepole: "Nilikuwa nangoja muniulize. Siku zote munaulizaka."

Arlette aliogopa kusema mwenyewe mbele ya watu asiowajua, na alikuwa na haki ya kuogopa. Alijiambia kwamba kama sindano ile ni jambo la maana, tutauliza. Hatukuuliza, basi si neno. Mama Kahindo alirudi kwenye kiti chake akapokea wagonjwa mpaka jioni. Akiuliza, mtu anakufa. Asipouliza, mtu anakufa. Nimeona siku mbaya nyingi katika mji huu, lakini ile ilinishinda. Nilifunga labo nikakaa ndani.

Baada ya wiki alikuja na kitunga, kile cha sokoni cha kawaida, kimefunikwa kitenge. Alikiweka mezani kando ya kiti. Kila aliyefika aliambiwa kwa sauti ndogo: "Weka kitu ulipewa. Usiseme." Mgonjwa aliingiza mkono chini ya kitenge na kuacha alichokuwa nacho: kichupa kitupu cha sindano, karatasi ya vidonge, kipande cha gome, chupa ya mafuta ya maombi. Waliokuwa kwenye benchi waliona kitenge tu. Mama Kahindo aliinua pembe, akatazama, akamwandikia muuguzi jina la dawa bila jina la mahali. Jioni alichoma vyote nyuma ya jiko, mpaka karatasi ya mwisho. Tulimtania kwamba amefungua duka la mama wa majani la kwake mwenyewe. Alitabasamu kidogo, na hilo lilikuwa jambo kubwa wakati ule. Katika miezi ya kitunga, hakuna mtoto aliyepewa dawa juu ya dawa mikononi mwetu.

Halafu Mei ikaja, nanyi mlikuwepo. Mji ulichinjwa. Sisi tulikimbilia uwanja wa ndege na wagonjwa walioweza kutembea. Mama Kahindo alikuwa amefunga vipimajoto vyote ndani ya kitambaa chake cha kichwa, na kwa siku zote za kambini alilala ameketi ili visivunjike. Kule, kwenye matope na mahema, alikaa juu ya bidoni ya maji akipokea watu. Wenzetu wengine hawakurudi kutoka siku zile. Majina yao yamo kwenye ukurasa wa pili, na ninaomba yasomwe kabla ya chakula. Kituo tulikikuta mifupa. Magodoro, milango, mabati ya choo, darubini yangu. Aliyechukua darubini sijui anatazama nini nayo. Walichukua hata kitunga.

Askari wa kigeni walipofika, watu walianza kurudi, na Mama Kahindo alinunua kitunga kingine. Kitenge kilikuwa kile kile, alikuwa amekivaa kambini. Akakiweka mezani, akasema maneno yale yale kwa sauti ile ile ndogo. Kitunga kilibaki kitupu. Watoto waliletwa wanatapika dawa, masikio yanawalia kwa kwinini, na mama zao walisema kwa utulivu: "Hatukupita popote. Siye tumekuja huku moja kwa moja." Wote. Siku nzima, wiki nzima. Mama Kahindo aliniambia wakati wa chai: "Unaona, Hubert. Sasa siye njo ba-premie, ba kwanza." Hakucheka, na mimi sikucheka.

Mathieu alimwomba asistaafu mwaka huu, abaki mpaka mambo yatulie. Alikataa. "Wananidanganya," alisema, "na naona wako na sababu. Nitafanya nini tena?"

Wiki iliyopita benchi lilikuwa limejaa. Arlette akaingia, mara ya kwanza tangu kifo cha Glodie, amebeba mdogo wake Glodie, mtoto mchanga bado, anaungua kwa homa. Alifika mezani. Hakuinua kitenge. Alifungua kiganja akaweka kichupa kitupu cha kwinini juu ya kitenge, mbele ya macho ya watu wote, akataja farmasi kwa jina lake, na mtaa, na mtu aliyechoma sindano. Kisha akasema: "Hata musiponiuliza, nitasema. Mutoto huyu hapana."

Mama Kahindo alifunika kichupa kwa kiganja chake haraka. Ningependa kuandika kwamba mtu wa pili alisimama akaweka kitu, kisha wa tatu. Hakuna aliyesimama. Mzee mmoja alihama akaenda kukaa mbali na pale Arlette aliposimama. Mtoto hakuwekewa kwinini tena, tulimpoza, tulimpa maji, tulimkesha, akaamka na njaa. Mama Kahindo hakumruhusu Arlette kutokea mlangoni. Alimpitisha ndani ya labo yangu, kwenye dirisha la nyuma, na mimi nikampokea mtoto upande wa pili. Kisha Mama Kahindo alisimama pale dirishani mpaka Arlette alipopotea kwenye migomba, na hapo ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ninapoandika haya, Arlette anauza mandazi. Kila asubuhi napita kuhakikisha, na nanunua hata kama sina njaa.

Kuhusu kiti, hajapatikana mtu wa kukikalia. Wengine wanasema tukitoe kabisa, kitunga nacho kitoke, kwa kuwa ni kitupu na kinatuletea macho. Mimi nimesema mbele ya Mathieu na nasema tena hapa: kitunga kitabaki, na mpaka apatikane mwingine nitakaa mlangoni mwenyewe, kwa kuwa darubini sina. Sina uso wa kupokea watu, najua. Nitajifunza kusema kwa sauti ndogo.

Mama Kahindo, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kututetea mbele ya watu waliokuja kwetu wa mwisho, na kwa kuwatetea wao mbele yetu tuliowakasirikia. Tunakushukuru kwa Papa Hippolyte na sikio lake. Kwa Papa Fiacre na kwa Glodie hatuna la kukuambia ambalo hujalijua, ila kwamba mzigo ule si wako peke yako, na hatutauacha kwako uende nao Butembo.

Jumatatu utapanda lori la Komanda, kisha Beni, kisha nyumbani. Wengine mahali hapa huandika kwamba wanamtakia mstaafu maisha mema. Sisi tunakutakia kwanza maisha, mema yatatafutwa baadaye. Njiani kuna bariere nyingi, na kwenye kila moja kijana mwenye bunduki atasimamisha lori, atakutazama, atakuuliza umetoka wapi na umepita wapi. Ulitufundisha sote kusema ukweli kwa swali hilo. Tunakuomba, Mama, mara hii moja: udanganye. Udanganye, ufike.